Bata wa Manjano kwenye Mashine ya Chai

Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba watu nisiowajua hawanywi sumu. Nafanya kazi katika maabara moja ya nchi hii ya chai. Majani husagwa, yakalowekwa kwenye kemikali, yakachujwa, kisha tone dogo likaingizwa kwenye mashine inayosoma masalia ya dawa ya kupulizia. Masalia yakizidi, mkubwa wangu hupiga simu akiwa amesimama, na shehena nzima haitoki. Siku kama hiyo hakuna anayekunywa chai ya saa nne kwa amani. Nilikuwa sina neno na kazi hiyo mpaka binti yangu alipoanza kuota meno.

Alikuwa anang'ata kila kitu: shuka, kidevu changu, hata kamba ya begi. Nikaenda Chepilat siku ya soko, nikamnunulia kidude cha kung'ata, bata wa manjano laini, kwa mama mmoja anayepanga vitu vya watoto pembeni mwa barabara. Nilipofungua karatasi, harufu ikanipiga. Ni harufu ile ile ya aproni mpya ya plastiki, ile wachumaji hujifunga wasiloweshwe na umande. Nilishtuka, lakini mtoto alikuwa analia, nikampa.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye huku upande wa Sotik, alimnusa yule bata kabla hajasalimia mtu.

"Hii ndio nini? Toto yetu sasa inakula gumbuti?"

Nikacheka, maana kweli alinuka kama buti jipya la mpira. Usiku nilikosa la kucheka. Nilijiuliza: majani ya chai yanapimwa kwa sababu yataingia kinywani mwa mtu wa mbali. Huyu bata amekwishaingia kinywani mwa mwanangu, nani amempima?

Nilimwuliza mkubwa wangu. Akasema mashine ni ya chai. Nikamwambia mashine haina kabila, inasoma unachoipa. Akasema mteja ni mteja na mtoto wangu si mteja. Hapo nilikasirika kweli, nikamwambia nitamsaga bata nimwandike chai ya daraja la kwanza. Labda aliogopa kwamba ningefanya hivyo, maana alinikubalia Jumamosi, mashine isipokuwa na kazi.

Jumamosi ilipofika nilimkatakata bata, nikamloweka, nikasubiri. Kilichotoka kwenye mashine kilikuwa vurugu tupu, alama juu ya alama, na nyingi za moshi. Mkubwa wangu alipita nyuma yangu, akatazama, akaangua kicheko.

"Umetuletea mursik!"

Mursik ni maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Mama mkwe alikuwa jikoni, na nilipomwuliza hakuficha chochote. Alikuwa amemsugua bata kwa mkaa wa senetwet, mti ule ule anaosafishia vibuyu vya maziwa, akamsuuza, akamrudisha kwenye begi langu.

"Si ilikuwa inanuka? Kila kitu inaingia mdomo ya mtoto lazima isafishwe. Hata wewe bwana yako alikunywa kwa kibuyu ya hiyo mkaa."

Nilitaka kumfokea. Nilishindwa, kwa sababu katika safari yote ya yule bata, kutoka kiwandani alikotengenezwa hadi mezani kwetu, ni huyu mama peke yake aliyemshuku na kufanya jambo. Mkaa wake uliniharibia kipimo, lakini swali lake lilikuwa sawa na langu.

Maji nilikuwa nimeyavulia nguo, sharti niyaoge. Nilirudi Chepilat, nikanunua bata mwingine kwa mama yule yule, nikamfunga vile alivyo kwenye karatasi yake, nikamwambia mama mkwe akimgusa tutakosana. Jumamosi iliyofuata nilitumia vyombo vya kioo pekee, maana plastiki yoyote ingenichafulia kazi. Pembeni niliweka chupa isiyo na bata, ikapitia kila hatua, ili asitokee wa kusema uchafu ni wetu. Chupa hiyo ilitoka safi. Ya bata ilitoa alama moja ndefu iliyopanda hadi juu ya karatasi: kemikali ya kulainisha plastiki, ya aina inayoshukiwa kuvuruga homoni za watoto. Nchi zinazokunywa chai yetu hazikubali iwekwe kwenye vitu vya watoto wao.

Nililia kidogo pale, kisha nikajipangusa. Mkubwa wangu hakucheka tena. Alisema tu kwamba maabara yetu haina kibali cha kupima plastiki, matokeo hayana muhuri, kwa hiyo yasitoke mlangoni. Yalitoka. Yalitoka yakiwa kichwani mwangu, sikuhitaji karatasi.

Siku ya soko nilisimama mbele ya meza ya yule mama, mtoto mgongoni, mama mkwe ubavuni. Nilimweleza kwa upole, naye akaniuliza:

"Madamu, uko na barua ya serikali?"

"Sina."

"Sasa wewe ni nani uniharibie biashara? Mimi sitengenezi hii vitu. Hata mimi nanunua tu."

"Basi rudishia aliyekuuzia."

Alikataa. Nami nikakataa kuondoka. Kila mama aliyeshika bata nilimwambia nilichokiona. Wengine walinicheka, wakasema wasomi wana wazimu. Mmoja alimtoa bata mdomoni mwa mwanawe polepole, akamtia mfukoni bila kunitazama. Mwenye meza akamwita askari wa soko, naye akaja na rungu lake, akaniamuru niondoke.

Mama mkwe akamnyooshea askari bata.

"Wewe ng'ata kwanza. Ukimaliza, sisi tutaenda."

Askari alimpokea, akamnusa, akamrudisha mezani kwa vidole viwili. Kisha akakumbuka kwamba kuna watu wanagombania ng'ombe upande wa pili.

Habari ilifika kazini kabla yangu. Mkubwa wangu alisema nikirudia nitaenda nyumbani. Nikamwambia nitarudia. Akachukua ufunguo wa maabara niliokuwa nautumia Jumamosi kutoka kwenye msumari wake, akautia mfukoni. Niliogopa nikiosha chupa, sitadanganya. Mshahara huo ndio unaotulisha.

Lakini sasa akina mama wananifuata kwenye kituo ambapo wakulima hupimiwa uzito wa majani, ninapokwenda kuchukua sampuli, kila mmoja na kidude chake kwenye karatasi. Mama mkwe ndiye mlinzi. Amevipanga nyumbani kwenye kapu juu ya kabati, mbali na mkaa wake, na yeyote anayenyoosha mkono, yeye humkemea: "Wacha! Hiyo bado haijapimwa." Natafuta maabara nyingine ya kuvipokea. Mbili zimenikatalia. Naenda ya tatu.

Wiki hii binti yangu, anayetafuna kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, ametoa jino la kwanza. Nilitia kidole kulihisi lile jino, akaning'ata hadi nikapiga kelele. Mama mkwe alitaka kumtoa.

"Mwache," nilisema. "Ng'ata, mama. Ng'ata sana. Utayahitaji meno hayo."