Uzi Mkubwa wa Litungu

Kidole gumba cha baba mkwe wangu kilikuwa kimeanza kuwa cheusi, na mimi, muuguzi wa zahanati, sikuruhusiwa kukigusa. Huku Ringwani mke wa mwanao hakushiki mkono. Anakuamkia kwa mbali, anakuandalia chakula, anaondoka. Mimi nililetwa huku na barua ya ajira kutoka Morogoro, nikaolewa humu humu, na kwa miaka tisa mila hiyo niliiona ya kupendeza tu. Wiki ile niliichukia.

Alichomwa na mwiba alipokuwa akiziba zizi. Ana kisukari, na kwa mtu wa kisukari mwiba hauishii kuwa mwiba. Alikifunga kidole kwa kipande cha kanga ya mama mkwe, akanyamaza. Mume wangu, anayefanya kazi upande wa mgodini kule Kewanja, zamu yake ya kurudi nyumbani ilikuwa bado, basi akawa ananipigia simu kila saa kuuliza kama mzee amekubali kwenda hospitali. Mzee alikuwa amekubali, ila kwa sharti. Alijua kwamba huenda wakakikata kile kidole, na kidole kile ndicho anachopigia uzi mkubwa wa litungu lake, ile ala ya nyuzi ya huku, uzi wa chini kabisa unaonguruma. Basi arekodiwe kwanza. Asikie kwa masikio yake kwamba litungu limebaki nyumbani, ndipo apande gari.

"Na nisisikilizie kwenye simu," aliongeza. "Simu inalia kama mbu."

Alhamisi nilimrekodi, simu ikiwa juu ya kigoda. Ijumaa asubuhi nikaja na hedifoni zangu. Ni za bei ya chini, zisizo na waya, nilizinunua sokoni Tarime, za aina iliyo wazi mgongoni: nyuma ya kila sikio pana matundu, sauti ya ndani inavuja nje na ya nje inaingia. Zile za kuziba masikio mzee alishazikataa zamani. Mtu mwenye ng'ombe, alisema, haketi mchana kweupe akiwa kiziwi. Ubaya wa hizi zangu ni kwamba besi ndiyo ya kwanza kutorokea kwenye yale matundu, na sauti za juu zinabaki zikichoma masikio.

Mama mkwe ndiye aliyemvika. Mimi nilisimama hatua tano kutoka kwao na simu mkononi. Mzee alisikiliza kidogo tu.

"Hili ni bati," alisema. "Uzi mkubwa uko wapi? Chombo chako kimeumeza."

Nilimwamini. Hata mimi nilipoisikiliza nyumbani sikuusikia ule uzi, nikazilaumu hedifoni. Gari la kutupeleka hospitali lilikuwa lije saa tisa. Ilikuwa saa nne, na pale niliposimama niliona uvimbe umeshapita kifundo cha mkono. Alfajiri, alipokuwa akinawa, ulikuwa bado haujafika hapo.

Kwenye simu yangu kuna ikwalaiza, vijiti kumi vya kupandisha na kushusha: vya kushoto ni vya besi, vya kulia ni vya sauti kali. Kwa hofu nilifanya jambo ambalo ningemcheka mwingine akilifanya. Nilivisukuma vyote vya kushoto mpaka juu kabisa. Litungu likakoroma, likapasuka, mzee akazivua hedifoni akazibwaga mapajani.

"Anayepiga hapa ni nani? Mlevi?"

"Baba, naomba dakika chache."

"Wewe daktari una haraka ya kunikata."

Hapa kijijini kila mtu wa zahanati ni daktari, na siku nyingine huwa nacheka akiniita hivyo. Siku ile nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia kwamba wakati yeye anachagua sauti, kidole kinaula mkono, na mkono ukiisha kitamla yeye. Nikaenda nyuma ya jiko, nikalia kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi.

Safari hii nilikwenda taratibu. Kwanza nilishusha sauti yote kwa ujumla, ili besi ikiongezwa ipate nafasi isipasuke. Kisha nikashusha vijiti viwili vya kulia, vile vinavyochoma. Halafu nikaanza kupandisha vya kushoto, kidogo kidogo. Lakini nipandishe mpaka wapi? Nilihitaji sauti ambayo mzee anaijua kwa hakika. Nikakumbuka nina rekodi ya Krismasi, alipowapigia wageni hapo hapo uani, miezi mingi kabla ya mwiba. Wimbo ni ule ule.

"Hii ni ya Krismasi, baba. Ikikaa sawa uniambie."

"Bado," alisema. Nikapandisha. "Bado." Nikapandisha tena. "Hapo umezidisha, rudi." Nikarudi nusu. Mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga udongo. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliusikia uzi mkubwa ukivuja kwenye matundu, akacheka huku akijifunika mdomo.

"Huyo sasa ni mimi," mzee alisema. "Haya, weka ya jana."

Ilikuwa saa saba na nusu. Nilikuwa na furaha ya ajabu, nikataka niisikilize kwanza mwenyewe kabla ya kumpa. Mama mkwe akamvua hedifoni, akaniletea. Sikugusa kijiti hata kimoja.

Kila kitu kilikuwepo. Nilisikia pumzi zake, mguu wake ukipiga chini kwa uzito, ndama akilia zizini kwa sauti nzito kama alivyolia kweli. Nyuzi nyembamba zote zilikuwepo. Pale uzi mkubwa ulipotakiwa kuingia palikuwa na mkwaruzo mdogo wa kitambaa, basi. Ukaja mzunguko wa pili, mkwaruzo tena. Hedifoni hazikuwa zimemeza kitu. Kidole hakikuwa na nguvu ya kuuvuta uzi, na yeye mwenyewe hakujua, kwa kuwa alipokuwa akipiga alikuwa akiusikia moyoni.

Rekodi zote mbili zilikuwa pale kwenye kioo cha simu, moja juu ya nyingine. Nikibonyeza ya Krismasi, nikasema ni ya jana, mzee atafurahi, gari litakuja, atapanda. Nakiri kwamba kidole changu kilishaanza kwenda huko. Nisijisifu kwamba ni uadilifu ulionizuia. Niliinua macho nikamkuta ananitazama.

"Ya jana," alirudia, polepole.

Hedifoni zikarudi kichwani kwake, nami nikaiweka ya jana. Mguu wake ulianza kukanyaga, ukakanyaga mara tatu nne, ukasimama. Aliendelea kusikiliza. Niliogopa atazivunja. Niliogopa zaidi kwamba atasema basi, kama ni hivyo, acheni nife na mkono wangu. Mama mkwe hakucheka tena, alikuwa akitazama zizini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akazivua mwenyewe kwa mkono mzima, akaziweka juu ya kigoda kwa uangalifu.

"Chombo chako hakina kosa," alisema. "Kumbe kidole ndicho kimeshakwenda."

Akaitazama simu mkononi mwangu.

"Ile ya Krismasi usiifute."

"Siifuti, baba."

Kisha akaunyoosha ule mkono. Nilidhani anamnyooshea mama mkwe, na mama mkwe naye alidhani hivyo, akasogea mbele. Mzee akatikisa kichwa. Mkono ulikuwa unanielekea mimi.

"Daktari," alisema, "njoo ufungue."

Nilizitembea zile hatua tano nikapiga magoti mbele yake. Miaka tisa nilikuwa sijui mkono wake una uzito gani. Ulikuwa mzito, na ulikuwa wa moto. Nikaanza kukifungua kitambaa, na yeye hakuuvuta.