Jedwali la Sifuri la Jael

Kwa wiki tatu Jael aligombana na sifuri. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ndogo ya Kawangware, mpangaji wa chumba kimoja kule Kianda, na mwanafunzi wa shahada ya pili kwa mwaka wa tano sasa. Alhamisi angesimama mbele ya wahadhiri watatu kuitetea kazi yake. Akianguka, ni mwaka mwingine, na nguvu za mwaka mwingine hakuwa nazo.

Alikuwa ameandika programu ya kutafuta mpango ulio bora: kiwanda kichanganye nini, lori lipite wapi. Mafumbo ya kuipima ni ya zamani, na kila moja lina jibu lililochapishwa. Kila fumbo ni matriksi, jedwali kubwa la namba ambalo karibu lote ni sifuri. Kwa hiyo faili haliandiki sifuri. Huandika namba chache zilizopo, pamoja na majina ya mistari na safu zinamokaa.

Matriksi moja ilikataa katakata. Jibu lilitoka kubwa kuliko la kitabuni, kila mara. Jael aliipangua programu, akaipanga, akaipangua tena. Jumapili hasira zikamshinda. Akaandika ukurasa mzima kwamba jibu linaloaminiwa na dunia ni kosa, akamtumia msimamizi wake, Daktari Kitheka.

Jumatano alasiri alipita kwenye saiba ya Gathogo, duka la intaneti pale kituo cha matatu cha 56. Gathogo ndiye aliyempakulia mafaili yale, laptopu ilipokuwa kwa fundi.

"Madam! Niaje? Zile hesabu zilitoka poa?"

"Moja imenikaba koo."

"Na vile nilikusafishia!"

Jael akasimama. "Ulisafisha nini?"

"Si zilikuwa na nafasi wazi kibao, maneno yamesambaa kama kuku? Nikazifyeka, nikaacha moja moja. Hivyo ndivyo mimi hufanyia CV za watu. Na sikukuchaji."

Katika mafaili hayo ya kale, nafasi wazi ndizo zinazoonyesha jina linaishia wapi na namba inaanzia wapi. Jael akakumbuka: programu ilipokwama kuyasoma, yeye mwenyewe aliibadilisha isome neno kwa neno, badala ya kuhesabu nafasi. Mengi yalipona. Lakini katika fumbo hili majina yalikuwa na nafasi ndani yake, na "MAJI 1" na "MAJI 2" yakakatwa, yakawa mstari mmoja. Gathogo alifyeka, lakini aliyejenga juu ya kilichofyekwa ni yeye Jael.

"Pakua upya. Na usiguse kitu."

"Hata kidogo?"

"Gathogo!"

Jael akachomeka flashi yenye programu kwenye kompyuta ya saiba, akairudisha njia ya kwanza ya kusoma, palepale. Jibu likatoka lile la kitabuni, tarakimu kwa tarakimu. Gathogo akapiga makofi. Jael akampigia simu Daktari Kitheka.

"Daktari, ule ukurasa wa Jumapili, naomba usiusome."

"Niliusoma Jumatatu, nikawatumia wenzangu watakaokuhoji. Mmoja anasema kesho hataki kuzungumzia kingine."

"Ni kosa. Kosa langu. Hata kulieleza ni aibu."



"Basi iandike aibu hiyo, ukurasa mmoja. Waipate leo."

Jael akaketi kwenye kompyuta ileile. Sentensi ya kwanza ilimtaja mhudumu wa saiba, akaifuta. Ya pili ikamtaja tena. Akaifuta kwa kuigonga kibodi kwa nguvu. Ya tatu akaianza: *Niliibadilisha mimi*.

"Pole pole na hiyo kibodi, madam," Gathogo akasema. "Ni ya watu wengi."