Betri Ambazo Bisibisi Hakuziuza

Mama yangu ni fundi simu. Mtaa mzima unamwita Bisibisi. Wiki ile simu zilipopata toleo jipya la programu, chaji ikawa inaisha kabla ya mchana. Fundi jirani akauza betri kama njugu. Mama aligoma kufungua hata simu moja.

"Betri yako nzima, mwanangu," alimwambia kila mteja. "Simu inapanga upya mafaili yake. Ipe siku mbili."

Wengine walimsonya, wakahamia kwa jirani. Nilichemka kwa hasira.

Kesho yake jirani mwenyewe akaja na simu, akanong'ona: "Dada, hii inakula chaji."

"Si unauza betri?" Mama akamuuliza.

"Hii ni ya mke wangu."

Mama akampa jibu lile lile, bila kumcheka. Nikamcheka mimi, kwa sauti, foleni yote ya dukani kwake isikie mimi ni mtoto wa nani.