Shija Bado Ni wa Ndama

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo hainitoki. Niliamka Bariadi, kijana niliyeacha shule mapema bila kuacha maswali, nikapanda lori la pamba bila kuuliza liendako. Jua likianza kushuka, dereva akaniteremsha Nassa. Simjui mtu. Nikafuata njia ya ng'ombe, maana jioni ng'ombe hurudi kwenye nyumba za watu.

Njia ikanifikisha kwenye kaya moja ambako baba alikuwa akibishana na mama yake mzazi. Kati yao alisimama mtoto aitwaye Shija, pengo mbele, ameshika fimbo iliyomzidi kimo. Nikasalimia, "Mwadila." Wakaitika, wakanipa kigoda, wakaendelea kubishana. Kwetu mgeni hafichwi ugomvi mdogo.

Kulwa na Doto, mapacha waliomtangulia Shija, walikuwa wamekwenda shule ya bweni. Ng'ombe hawana mchungaji, na baba ameamua kuwa kuanzia kesho Shija awapeleke mbugani peke yake.

"Samaki mkunje angali mbichi, mayu," baba akamwambia mama yake.

"Mkunje, usimvunje. Wewe ulianza na nini?"

"Ng'ombe."

"Muongo. Ulianza na ndama, hapo nyuma ya nyumba. Ukasinzia, wakanyonya maziwa yote. Nikakupa mbuzi, wakamaliza viazi vya jirani. Ndipo ukapata akili ya ng'ombe."

Baba akacheka bila kupenda. "Sasa kesho atachunga nani? Wewe?"

Udadisi ukanishinda. "Samahani, mayu. Mnajuaje kwamba mtoto amefikia mbuzi?"

"Siku anapopotelewa na mmoja akaja kusema mwenyewe," bibi akanijibu, kisha akamgeukia mwanawe. "Huyu jana kapotelewa na ndama, akajificha nyuma ya ghala mpaka tukamtafuta. Akipotelewa na ng'ombe kule mbugani, atajificha wapi? Na wewe utamtafutia wapi?"

Baba akamtazama Shija kama anayempima upya.

Bibi akanirudia mimi. "Na wewe uliyekomaa miguu, una pa kulala?"

"Sina, mayu."

"Kuchunga unajua?"

"Kwenye mifugo nilifika mpaka ng'ombe. Shuleni ndiko nilikoishia kwenye mbuzi."

Wakacheka wote. Baba akasema, "Basi utalala hapa, utatoka na ng'ombe mpaka mapacha wafunge shule." Hajamaliza, Shija kanitia fimbo mkononi, kakimbilia kwa ndama wake. Nikaonyeshwa kitanda cha kamba cha Kulwa na Doto, nikalala kama niliyezaliwa pale.

Mwanangu, mtoto hutambaa, husimama dede, kisha hutembea, na hakuna mzazi anayemchapa anayetambaa kwa kuwa hakimbii. Ajabu ni kwamba akishaanza kusema, tunasahau. Tunamtwika mzigo wa kaka yake kwa sababu kaka hayupo. Kila umri una kazi yake, na una makosa yake pia. Usimnyime mtoto makosa madogo, maana hayo ndiyo yanayomfundisha kukwepa makubwa. Kabla hujamwongezea mzigo, mtazame kwanza anapoogopa anakimbilia wapi.

Mungu akupe watoto, akupe na subira ya kuwangoja wakue. Wakikosea, wakimbilie kwako.