Bunge la Banda la Tumbaku

Tangu achaguliwe kwenda kwenye mkutano wa katiba huko Richmond, bwana wetu hutukusanya sisi watumwa wake ndani ya banda la tumbaku, tukae kwenye magogo tujifanye wajumbe. Hulamba kidole gumba, hufungua kifungo kimoja cha kizibao, kisha ile sauti yake laini ya kuombea chakula hugeuka ngurumo: “Mpe mtu mamlaka yasiyo na mpaka juu ya mwenzake, atakuwa jambazi, hata awe mchungaji.” Sisi tunapiga makofi. Bunge letu halina upinzani, maana upinzani una viboko.

Jana akasema, “Hebu nipingeni basi, ulimi wangu upate makali.” Suki, mkamuaji wa ng'ombe, akasimama. Mtoto wake Roda ameshaahidiwa kuwa zawadi ya harusi ya binti wa bwana. “Mheshimiwa mjumbe,” akasema, “nani kakupa ruhusa ya kumchukua mtoto wa mwenzio?” Bwana akalitafakari swali, uso ukamng'aa, na mkono wake ule usiojua gugu wala jembe ukaliandika lote. “Safi sana, Suki. Hili nitawauliza wale wanaotaka serikali iwachukue vijana wetu jeshini. Watakosa pa kushika.”

Leo asubuhi Roda amepakiwa kwenye gari la farasi, katikati ya magodoro mawili na bata mzinga.