Safari ya Sukari Guru, Magugu hadi Doonside

Mimi si mtu wa kushangazwa. Niliacha shule darasa la nne nikaenda kukata miwa ya watu, na leo nina mashine tatu za kukamulia hapa Magugu na nyumba ya vigae ambayo hata waliosoma husimama kuiangalia. Nimeona mto ukinibebea karai likiwa limejaa sukari inayochemka, na kesho yake nikanunua jingine. Kwa hiyo waliposema Australia itaniacha mdomo wazi, niliwacheka. Nikapanda ndege kama mtu anayekwenda mnadani kuangalia tu bei za mbuzi.

Kilichonitoa nyumbani ni binti yangu Paskalina. Ni muuguzi huko Sydney, na kuna kijana alitaka kumwoa, Nirav, Mhindi wa Kigujarati, fundi umeme. Mimi nilimwambia kwenye simu kwamba neno la kumtoa binti halipiti hewani. Hata fahali sijawahi kumnunua kwa simu. Paskalina akasema, "Basi Baba, njoo uwaone. Lakini ukija unipe jibu. Wazazi wake wamengoja, mimi nimengoja, na sasa naona aibu kuwaangalia." Mama yake alikuwa nyuma yangu na mwiko mkononi. Akaniambia nikirudi bila jibu nisipitie jikoni kwake.

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege wa KIA. Nguo zangu zilikuwa kwenye begi dogo. Begi kubwa lilikuwa la sukari guru. Niliisimamia mwenyewe tangu miwa ilipokatwa, nikaengua povu kwa mkono wangu, nikaimimina kwenye vibakuli vya mbao, na mabonge yalipopoa nikayafunga kwa majani makavu ya miwa kama tunavyofunga ya heshima. Nyeusi inayoelekea wekundu, ukiigonga inalia. Nilijiambia, Wahindi ndio waliotuletea biashara hii, sasa acha wakaone mwanafunzi alivyompita mwalimu.

Uwanja wa ndege wa Sydney, asubuhi. Paskalina alikuwa amenionya nisifiche kitu chochote cha kuliwa, nami nikakitangaza chote kwa sauti. Ofisa alikuwa kijana mstaarabu sana. Akafungua bonge la kwanza, akaangalia majani, akamulika kwa tochi, akaniita nami niangalie. Kulikuwa na mdudu. Mdudu mdogo kuliko punje ya ulezi, amesafiri kutoka Magugu bila tiketi. Kijana akanieleza kwa utulivu kwamba majani ya miwa hayaingii nchini, na sukari iliyolala nayo haiingii vilevile. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha sokoni kwamba mimi ndiye mwenye kiwanda. Akasema anaona, ni kazi nzuri. Kisha akaipeleka yote kwenye pipa.

Nikatoka pale na begi kubwa tupu. Paskalina alinikumbatia, akaliinua begi, likamjia juu kwa wepesi, akaelewa. Hakucheka, na hilo nilimshukuru.

Kwenye treni ya kwenda Doonside, anakoishi, tulikaa ghorofa ya juu, maana treni zao zina ghorofa. Mwenzake wa kazini, Mkongomani anayekaa Mount Druitt, alitukuta ndani akaniamkia kwa mikono miwili. "Papa, karibu sana. Voyage ilikuwa muzuri?" Nikamwambia ilikuwa nzuri mpaka nilipokutana na mdudu. Yeye akacheka mpaka kituo chetu. Nje nyumba zilipita, safi, za matofali, kila moja na kauzio kake, wala mbuzi mmoja sikumwona. Paskalina alikuwa akinieleza mambo ya Jumapili: tutakwenda kwa wazazi wa Nirav, mitaa miwili tu kutoka kwake, ndugu watakuwepo, utapewa sukari guru na mbegu za giligilani, utakula, basi. Niliposikia sukari guru, moyo ukapoa. Hapo niko nyumbani, nikasema.

Jumapili, kabla ya saa sita. Mlango ulifunguliwa na mama yake Nirav, mwanamke mfupi mwenye miwani, na kitu cha kwanza alichosema ni "Karibu, mzee. Kiswahili yangu imelala siku mingi, usicheke." Kumbe alizaliwa Moshi, akaondoka akiwa msichana. Mumewe alishafariki, na nyumba anaiongoza yeye. Mtu ambaye si mimi angeshangaa.

Aliniita jikoni. Huko kwetu mkwe haendi jikoni kwa mkwe mwenzake, lakini yeye aliniita kama anayeita fundi. Kulikuwa na sufuria ya dengu. Akachukua kipande cha guru, nyeusi, nzuri, nikaitambua hapohapo kwa harufu, akaitumbukiza mle ndani ya dengu, pamoja na ukwaju na pilipili. Nilimshika mkono. Nimeuza sukari guru maisha yangu yote, nimeuzia wapika pombe, nimeuzia wa chai, nimeuzia mganga. Wa dengu sijawahi kumwona.

"Sisi Gujarat dengu bila guru ni maji ya mgonjwa," akasema, akanipa kijiko.

Nikaonja. Ukali, uchachu, halafu utamu unakuja nyuma polepole kama mgeni anayeingia akiwa amevua viatu. Niliomba kijiko cha pili. Akaniambia anatia hata kwenye maharage mabichi, na kwamba mama yake, kule Moshi, alikuwa akikaanga unga kwa samli, anautia guru, anakata vipande, watoto wanabeba shuleni. Kile kipande cha dengu ndicho kilikuwa cha mwisho cha ile guru yake nzuri. Ya kuwekwa kwenye sinia ya leo, akasema, ataleta shemeji yake, kanunua kwa rafiki.

Saa saba sebule ilijaa. Shemeji, baba mdogo wa Nirav, alifika na boksi, mtu mkubwa mwenye sauti. Kina mama walivaa hariri. Paskalina wangu walimvalisha sari ya kijani, akawa anatembea kama amebeba maji. Nirav alikuwa amekaa, mikono magotini, kijana mwenye kucha safi na macho ya kutokulala. Mama Nirav akaja na sinia ya fedha, guru imevunjwa vipande, mbegu za giligilani juu yake. Akaniwekea ya kwanza kiganjani, na watu wote wakaniangalia.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaojua kazi hii. Guru ile ilikuwa ya njano. Njano ya ndizi mbivu. Sisi tunajua guru inakuwaje njano namna ile: inang'arishwa kwa dawa na unga wa chokaa. Kiwandani kwangu hakuna anayetia kitu mdomoni kabla ya kukikagua, na mkono wangu ulifanya kazi yake wenyewe. Niliivunja kwa ukucha, haikulia. Nikainusa. Nikachukua glasi ya maji mbele yangu nikaidondosha ndani, nikaikoroga kwa kidole, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini palitulia unga mweupe. Nikairudisha glasi kwenye sinia, nikakung'uta mbegu kiganjani, nikawaambia, kwa wema kabisa, "Hii haliwi. Imetiwa dawa."

Baba mdogo alisimama. Mama mmoja akajifunika kichwa kwa mtandio. Nirav alimwangalia Paskalina, Paskalina akaniangalia mimi, kisha akainua sari yake kidogo na kutoka kwa mlango wa nyuma. Nilidhani wamekasirika kwa sababu ya hasara ya sukari. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia kwamba si kosa lao, hata mimi nimewahi kuuziwa miwa mibovu.

Mama Nirav akaweka sinia chini. Alikuja karibu, akaongea taratibu. "Mzee. Kwetu ukila hii, umetoa neno. Ukirudisha, umekataa. Niambie mbele ya watu. Unakataa sukari, ama unakataa kijana?"

Jasho lilinitoka pale, mimi ambaye nimesimama mbele ya makarai miaka yote hiyo bila kofia. Nilisikia sauti ya mwiko wa mke wangu kutoka Magugu.

"Sukari," nikasema. "Kijana hana unga chini."

Akanitazama. Akachukua ile glasi, akaipeleka dirishani yeye mwenyewe, akaitikisa. Kisha akamgeukia shemeji yake akamwambia maneno kwa Kigujarati, machache, na yule mtu mkubwa akakaa. Nirav akaanza kucheka, akafunika uso. Mama Nirav akaninyooshea mimi kidole kama mtoto wake. "Wewe umeharibu sinia, wewe utajaza. Duka iko karibu na stesheni. Nenda na binti yako, dengu inapoa."

Nilimkuta Paskalina uani, akatangulia njiani mpaka tulipopita uzio wa tatu, ndipo akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu. "Baba, ulishindwa kula tu? Kipande kidogo vile?" Nikamwambia ningekula mbovu siku ya neno lake, neno lenyewe lingekuwaje? Akasimama. Halafu akasema, "Kwa hiyo lipo? Neno lipo?" Nikamwambia lilikuwepo tangu kijiko cha pili cha dengu. Akanishika mkono hapo barabarani, na sari yake, na watu wanaangalia.

Dukani rafu nzima ilikuwa guru. Sikujua dunia ina guru nyingi hivyo. Mwenye duka, mtu wa kusini mwa India, alinionyesha ya mvumo wa kwao, mti kama mnazi, nyeusi kama lami, wanatia kwenye kahawa na tangawizi. Akanionyesha ya mtende wanayopikia vitamu vya maziwa watu wa Bengali, laini, inanuka moshi. Kila kabila na mti wake. Paskalina alikuwa akitafsiri na kuangalia saa. Mimi nilipiga magoti kwenye rafu ya chini, na huko nyuma nikaipata: ya miwa, nyeusi inayoelekea wekundu. Nikaigonga kwa ukucha juu ya karatasi yake. Ikalia. Paskalina akatoa kadi, nikaurudisha mkono wake.

Tuliporudi niliivunja mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Kipande cha kwanza nikampa Mama Nirav. Alitafuna amefumba macho, akasema kitu kimoja tu, "Moshi." Nikala changu, na mbegu zake zikapasuka menoni, baba mdogo akala vipande viwili, na kina mama wakaanza kuimba. Paskalina alicheka na kulia kwa pamoja, kama mama yake alivyofanya siku yetu.

Nimerudi Magugu, jikoni napita bila woga, na kwenye dengu zetu sasa natia kipande; majirani walicheka, siku hizi wanakuja na sahani. Nimejifunza kwamba kitu unachokipika maisha yako yote unaweza usijue kinaliwaje. Watu wananiuliza safari ilikula kiasi gani. Nauli nilishaisahau, na ile guru ya pipani namsamehe mdudu. Lakini mimi, mwenye mashine tatu, ambaye sijawahi kununua sukari guru ya mtu tangu nizaliwe, neno la binti yangu nililinunua kwenye duka la Doonside, tena taslimu: dola sita na senti arobaini.