Mkunga Anayebisha Hodi Tumboni

Mkunga wa zamu hagusi tumbo kabla hajasugua viganja vyake vikapata joto. Kisha huinama na kusema, kama jirani aliye mlangoni, "Hodi humo ndani!" Binti aliyelazwa alicheka, ingawa dripu ya kuanzisha uchungu ilikuwa ikimwingia tangu asubuhi. Mama yake, aliyekaa pembeni akikunja na kukunjua mtandio, hakucheka. Yeye mwenyewe alizaa kwa kisu, na kila magurudumu ya kitanda yalipolia koridoni kuelekea chumba cha upasuaji, moyo ulimruka.

"Mpasueni tu mwanangu, yaishe," alisema mwishowe. "Dawa imekataa."

Mkunga alisikiliza kwanza mapigo ya mtoto. "Haijakataa, mama, ndiyo kwanza inaanza. Mtoto mzima, binti yako mzima. Mmoja wao akichoka, nitamwita daktari mimi mwenyewe. Wewe ukipiga hodi kwa watu usijibiwe mara moja, unavunja mlango?"

"Mh! Nangoja."

"Basi tungoje."

Akasugua viganja tena, lakini safari hii aliushika mkono wa mama, akauweka juu ya tumbo. "Bisha wewe, bibi yake."

"Hodi," mama alinong'ona. Tumbo likakaza chini ya kiganja chake, likakaza zaidi, na binti akashika ukingo wa kitanda, akaguna kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu asubuhi.

"Enhe! Mwenye nyumba kaamka," alisema mkunga, akavaa glavu.